Mlango Umenenepa

"Babu, mlango wetu umenenepa."

Mjukuu wangu alisema hivyo begi likiwa bado mgongoni, huku ameshaanza kuchungulia sufuria. Ana miaka saba. Nyumbani tunamwita Kidole, kwa sababu tangu akiwa wa kubebwa hakuna kitu alichokiona asikinyooshee kidole. Nikacheka. Nikamwambia milango hainenepi, labda yeye ndiye aliyekonda kwa kuchagua chakula.

"Hapana, Babu. Mlango wa darasani. Mwalimu akiufunga unagoma, mpaka ausukume kwa bega. Seremala alikuja akaupiga randa, ukapungua. Leo umenenepa tena."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini taratibu. Mimi ni mwashi. Nimeshika mwiko miaka arobaini na miwili. Mlango ukigoma mara moja, ni mbao imekunywa unyevu. Ukigoma tena baada ya kupigwa randa, mbao haina kosa. Fremu inaminywa, na fremu ikiminywa ujue kuna kitu juu yake kinashuka, au kitu chini yake kinazama.

Na mimi nilijua ni kipi. Nilijua peke yangu, maana aliyekuwa akijua pamoja nami tulishamzika. Chai ile sikuimaliza.

Shule ile niliijenga mimi, miaka ishirini na minne iliyopita. Nikisema mimi najisifu kidogo. Mikono ilikuwa yangu na ya wenzangu, lakini akili ilikuwa ya mwanamke mmoja, msanifu majengo, mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kushindwa ubishi. Mafundi tulimwita Mama Mstari, kwa sababu mstari wake ukisema hapa, ni hapa. Mwezi wa kwanza nilimdharau. Alikuja na watoto sita wa majirani, akawakalisha kwenye kiwanja kitupu, akawapima kwa futi kamba kutoka ardhini mpaka machoni, akaandika. Nikamuuliza kama anawatengenezea miwani. Akasema anatafuta kimo cha dirisha.

Basi madirisha ya vyumba vya chini akayashusha mpaka magotini pa mtu mzima, mapana, pande mbili za kila chumba. Nikambishia kwamba watoto watatorokea humo. "Darasa baya watalitoroka hata lisipokuwa na dirisha," akasema. Milango akaitaka miwili kila chumba. Ngazi mbili badala ya moja. Na nje, upande wa barabara, akanijengesha benchi refu la zege chini ya kivuli, wazazi wasubirie watoto wao. Nikasema wazazi wana kazi zao, nani atakuja kukodoa macho pale.

Aliniumbua, yule mama. Watoto waliokuwa wakisinzia kabla ya saa nne kwenye mabanda ya mabati, humu wakawa wanaona mwanga, wanapata hewa, wanasikia anachosema mwalimu hata wa nyuma kabisa. Binti yangu wa pekee, ambaye kwa woga alikuwa hawezi kujibu swali mbele ya wenzake, alianza kunyoosha mkono ndani ya vyumba vile. Leo ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo, na ndiye mama yake Kidole. Na lile benchi! Mtaa wetu ulikuwa wa watu wanaopishana bila salamu, kila mtu na geti lake. Kina mama wakaanza kukaa pale wakisubiri kengele. Wakajuana, wakasengenyana, wakagombana, wakapatana, wakaanza kuangaliana watoto. Zege tu lile, lakini liliwatoa watu majumbani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mama Mstari alichora vyumba vya chini na ghorofa moja juu yake, basi. Kabla hatujaanza alichimbisha mashimo matatu kiwanjani, akanishika mkono akanionyesha udongo. Mweusi, wa kunata, ule unaovimba mvua zikija na kupasuka jua likikaa. Akaniambia, "Fundi, udongo huu utabeba ghorofa moja kwa hisani. Ya pili hautabeba. Ukimaliza paa, kata nondo zote za nguzo, uzifunike na zege, asije mtu akadanganyika."

Nikaitikia. Sikukata.

Si uvivu. Mafundi wetu hawakati nondo za juu. Pita mtaa wowote utaona, nyumba zimesimamisha nondo juu ya paa kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Tunaziacha ili mwenye nyumba akitazama juu aone kwamba kazi haijaisha, kwamba watoto wake watakuja kuendeleza. Nyumba iliyokatwa nondo, tunasema, imekata tamaa. Hata msingi wenyewe uwe hauwezi kubeba banda la kuku, nondo tunaziacha. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia anayekata nondo anamkatia mwenye nyumba kizazi, na mimi niliamini hilo kuliko hesabu ya mtu yeyote. Shule ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nilitaka isimame na nywele zake.

Mama Mstari alipokuja kukagua akaziona. "Fundi, mbona?" Nikamwambia, "Wiki ijayo, Mama." Akaniamini. Wiki ijayo ile imechukua miaka ishirini na minne, na yeye tulimzika mwaka wa tano.

Mwaka jana shule ikafurika. Darasa la watoto arobaini likawa na themanini. Binti yangu akaitisha mkutano wa wazazi, akaja mkandarasi na mhandisi wake kijana, mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope. Mhandisi akaulizia ramani za jengo. Stoo ikafunguliwa, kumbe mchwa wameshazisoma zote. Watu wakaguna. Binti yangu akacheka, akasema, "Ramani yetu ile pale, imekaa mstari wa mbele." Vichwa vyote vikanigeukia. "Baba yangu hakuacha zile nondo kwa bahati mbaya. Aliwafikiria watoto ambao walikuwa hawajazaliwa."

Wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mhandisi akanisogelea akaniuliza, "Mzee, msingi unabeba?"

Nilifungua mdomo. Watu mia tatu walikuwa wananitazama, na binti yangu alikuwa analengwalengwa na machozi ya fahari. Nikasema, "Tulijenga imara." Huo si uongo, tulijenga imara kweli. Lakini alichoniuliza hakikuwa hicho, na mimi nilikijua, nikakaa chini nikiendelea kupigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani nikijipa moyo. Udongo umeshakandamizwa miaka yote hiyo. Saruji ya zamani ilikuwa saruji. Mungu yupo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa. Wakajenga. Nguzo mpya zikafungwa kwenye nondo zangu, sakafu ikamwagwa, kuta zikapanda. Na sasa mvua zilikuwa zimeanza, ghorofa ya pili ilikuwa ifunguliwe Ijumaa, na mlango wa darasa la pili ulikuwa umenenepa.

Jumatatu asubuhi nikamsindikiza Kidole shuleni. Nilisema nataka kunyoosha miguu. Chumba chao ni cha kona, chini. Juu ya fremu ya mlango nikauona ufa, mwembamba kama uzi, umepanda kimshazari kuelekea dirishani. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliosema hivyo walikuwa wenye nyumba. Mafundi hatuanzi kwa kuziba, tunaanza kwa kuusoma. Niliomba kioo chakavu kwa fundi wa madirisha, nikakata vipande vitatu vyembamba, nikavigandisha kwa saruji kukatiza ufa, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu. Ufa uliolala hauna shida na kioo. Ufa unaotembea utakivunja.

Binti yangu akanikuta juu ya kiti. "Baba, na goti hilo? Utaanguka."

"Natazama tu."

"Ni plasta hiyo. Mkandarasi amesema jengo likiongezewa mzigo linakaa vizuri kwanza." Akanirekebisha kola. "Ijumaa uvae ile suti. Utakata utepe pamoja na mgeni rasmi."

Nikashuka kitini. Nikajiwekea sharti la mwoga, kwamba kioo kikivunjika nitasema.

Jumanne vyote vitatu vizima. Nilipumua. Jumatano mvua ikanyesha tangu alfajiri, na nilipofika kioo cha juu kilikuwa kimekatika katikati, mstari safi kama uliopigwa kwa almasi. Nilisimama pale, watoto themanini nyuma yangu wakikariri hesabu za kujumlisha. Na unajua nilifanya nini? Nikatoa kipande kingine mfukoni, nikabandua kile kilichovunjika, nikakigandisha kipya. Nikajiambia ni mtoto amekigonga kwa fimbo ya ufagio. Kimo kile, mtoto gani angekifikia? Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini lile ndilo linaloniamsha usiku.

Alhamisi niliugua kwa makusudi. Nililala nimegeukia ukutani, nikisikiliza mvua, na kila mlango uliofungwa mtaani ulinishtua. Kidole aliporudi akaja kukaa miguuni pangu.

"Babu, ule mlango umeacha kunenepa."

Nikainuka kidogo. "Umepona?"

"Haufunguki kabisa. Tunapita ule mwingine."

Mke wangu angekuwa hai angenikokota kwa sikio jioni ile ile. Hakuwepo wa kunikokota. Nikasema kesho, mapema, kabla ya wageni.

Ijumaa niliamka kabla ya muazini, nikavaa suti, nikakaa kitandani nikitafuta maneno mpaka saa mbili. Na goti lilikuwa limevimba kwa baridi, na njia ya dakika kumi ikanichukua nusu saa. Nilipofika, viti vilikuwa vimepangwa uwanjani, benchi la nje limejaa kina mama waliopendeza, na vipaza sauti vinakohoa. Sikusalimia mtu. Nikaingia darasa la pili.

Vioo vyote vitatu vimekatika. Ufa niliouacha mwembamba kama uzi ulikuwa unaingiza kidole changu, na kidole changu ni cha mwashi. Nikaweka kiganja ukutani. Kutoka juu nilihisi kitu kinapiga, tu, tu, tu, kwa mpangilio. Nikasikiliza. Ilikuwa miguu.

Binti yangu alikuwa mlangoni pa ofisi, kengele ya mkono kwapani, akipanga majina ya wageni.

"Mwanangu, nani yuko juu?"

"Kwaya, wanafanya mazoezi ya mwisho. Baba, tai yako imepinda."

"Watoe watoto. Wote. Sasa hivi."

"Baba, mgeni rasmi yuko njiani."

"Msingi ule ni wa ghorofa moja." Sauti haikuwa yangu. "Mama Mstari aliniambia nikate nondo, asije mtu akadanganyika. Sikukata. Udongo haubebi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Alinitazama, kisha akatazama paa, kisha akanitazama tena. Nimemwona binti yangu akizika mama yake, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Uliulizwa mbele yangu."

"Sikusema unabeba. Nilisema tulijenga imara."

Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo wangu huu. Akaishika kengele, mkono ukapanda, kisha ukasimama hewani. "Nikiipiga, walioko juu watakimbia," akasema polepole, kama anayejisomea. "Kidole yuko juu. Ameingizwa kwaya jana."

Akanishika koti. "Huku chini na ghorofa ya kwanza nitawatoa mimi na walimu, darasa kwa darasa, bila kengele. Wewe unajua jengo linavyotembea. Nenda kawashushe taratibu."

Nikapanda. Ngazi ya mbali na ile kona, nikishika ukuta, nikihesabu vidato nilivyovimwaga mwenyewe. Nilipofika ghorofa ya kwanza nikatupa jicho chini uwanjani. Binti yangu alikuwa akipita kwenye madirisha ya kila chumba, kidole mdomoni, na watoto walikuwa wanatoka. Hawakusongamana milangoni. Walikuwa wanavuka madirisha, wale wale wadogo, mguu mmoja, mguu wa pili, kama wanavuka kizingiti cha nyumbani. Madirisha ya magotini. Nilibishana na yule mama wiki nzima juu ya madirisha yale.

Ghorofa ya pili ilinuka rangi mbichi. Watoto arobaini na mmoja, sare zimepigwa pasi, wanaimba na kukanyaga kwa pamoja, kulia, kushoto, kulia, na mwalimu wao anawapigia makofi wakazane. Sakafu ilikuwa inanijibu kwenye nyayo.

"Simameni!" nikasema.

Wakanyamaza. Mwalimu wa kwaya akauona uso wangu, akashusha mikono. Katika kimya kile tukasikia kitu kinakwaruza ndani ya ukuta. Kidole alikuwa safu ya nyuma, upande wa kona. Akanyoosha kidole chini. "Babu, ona. Sakafu imeachana na ukuta."

Ilikuwa imeachana. Mwanga ulikuwa unaingia pale.

Watoto walikuwa wananisoma usoni, basi nikalazimisha tabasamu. "Haya, tunacheza mchezo. Kila mtu ana beseni la maji kichwani, limejaa pomoni. Tunashuka mmoja mmoja, ngazi ile kule. Atakayemwaga hata tone, ameshindwa. Na atakayekanyaga kwa kishindo amemwaga lote."

Mtoto mmoja akainua mikono akashika beseni lisilokuwepo. Wa pili akamfuata. Wakaanza kwenda, shingo zimenyooka, nyayo zinalamba sakafu. Nilikuwa nawahesabu kwa midomo. Nimesubiri zege likauke, nimesubiri mke wangu ajifungue, lakini sijawahi kusubiri kitu kirefu kama watoto arobaini na mmoja wanaoshuka ngazi bila kumwaga maji. Kwenye ishirini na tano plasta ikadondoka kona ile, bonge kama mkate, na msichana mmoja akalia kidogo. "Beseni!" nikamwambia. Akalishika, akaendelea. Mwalimu wao alishuka na wa thelathini na tisa na wa arobaini, amewashika mikono.

Kidole alibaki. "Babu kwanza."

"Wewe kwanza."

"Goti lako linaumwa. Ukianguka utamwaga."

Sikuwa na muda wa kubishana na ukoo wangu. Nikamshika mkono tukashuka pamoja, kidato kwa kidato. Kiganja chake kilikuwa kikavu. Changu ndicho kilichokuwa kimelowa.

Uwanjani kulikuwa na manung'uniko. Watoto wamesimama mbali, ng'ambo ya uzio. Mgeni rasmi ameshafika na anauliza utaratibu gani huu. Mkandarasi ananitazama kwa hasira. "Mzee amechanganyikiwa," mama mmoja wa benchini akasema, na hakunong'ona. "Anamwaibisha binti yake siku yake kubwa." Binti yangu alikuwa anaita majina, darasa la kwanza mpaka la saba, haitazami hata suti yangu. Robo saa ikapita. Nusu saa. Jengo limesimama kwa utulivu, na nakiri nilianza kutamani lianguke. Hofu ikizidi humfanya mtu aombe mabaya.

Halafu ukasikika mlio, mkavu, kama mtu kavunja muwa gotini. Kona ya darasa la pili ikazama kiasi cha kiganja. Vioo vya dirisha vikapasuka mstari mzima, chini hadi juu. Mlango ule mnene ukachomoka kwenye fremu ukaanguka kifudifudi barazani. Na juu kabisa, ukuta mpya uliokuwa nyuma ya safu ya mwisho ya kwaya ukainama, ukaenda wote uani.

Vumbi likatulia. Mgeni rasmi alikuwa amekaa chini kwenye majani na suti yake. Nilimtafuta Kidole. Alikuwa amesimama kando yangu, mikono imenyooka ubavuni, macho yameganda kwenye ule mlango. Hakunyoosha kidole.

Wahandisi wa serikali walikuja siku ile ile, wakaweka mirunda ya kuegemeza kuta, wakafunga utepe. Nimehojiwa mara tatu, na bado kuna siku nitaitwa, nitakwenda. Nilisema yote, pamoja na kile kioo cha Jumatano. Wakaamua ghorofa ya pili ivunjwe kwa mkono, tofali kwa tofali, kisha kona ichimbwe na msingi uongezwe. Huenda watoto wakarudi mwakani.

Kwa sasa wanasoma kwenye ghala la kukodi. Dirisha moja, juu, la kupitisha joto. Taa zinawaka mchana kutwa, mwalimu akisema ukuta unamrudishia maneno, na kabla ya saa nne watoto wanasinzia kama zile enzi za mabanda. Pale nje hakuna pa kukaa. Kina mama wanachukua watoto wao wanaondoka, wanapishana bila salamu. Kidole anarudi nyumbani, anavua begi, anakula anachopewa. Kila chumba anachoingia, anatazama kwanza juu ya mlango.

Binti yangu ananipikia, ananinunulia dawa ya goti. Ananiita Fundi. "Fundi, chakula tayari." Sijawahi kusikia neno zuri la kazi yangu likiniuma namna ile.

Vijana walipomaliza kuvunja, nondo zangu zikabaki tena juu ya paa, zimepinda, zina kutu. Nikaomba nizikate mwenyewe. Mhandisi wa serikali alisita, akakubali, akanipa kofia ya kazi. Nikapanda na msumeno wa chuma. Nguzo kumi na nane, nondo nne kila nguzo. Chini uwanjani binti yangu alisimama na Kidole, kwa sababu mtoto alikataa kubaki nyumbani. Nilikata tangu asubuhi. Kila moja ilipodondoka nilisema moyoni, wiki ijayo, Mama.

Nguzo ya kumi na moja nikanyoosha mgongo kupumzika. Kutoka pale unauona mtaa wote. Mapaa, na juu ya mapaa, nondo. Nne nne, kila mahali, mpaka macho yanapochoka. Nikaanza kutafuta nyumba nilizojenga mimi. Ile ya fundi cherehani. Ile ya mjane, yenye kinyozi chini. Ile ndefu karibu na soko, ambayo msingi wake tulichimba haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilifika kumi na saba nikaacha kuhesabu.

"Babu!"

Nikatazama chini. Kidole alikuwa ameinua mkono. Mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, kidole chake kilikuwa kimenyooka, nacho hakikunielekea mimi. Kilielekea ng'ambo ya barabara, kwenye zahanati. Juu ya paa lake vijana wawili walikuwa wanapandisha matofali kwa kamba, na safu tatu za ukuta zilikuwa zimeshazunguka nondo.

Binti yangu akageuka akatazama kule. Kisha akainua uso akanitazama. Alikuwa anafungua mdomo kuniuliza, na safari hii sikumngoja.

"Ni kazi yangu!" nikapiga kelele, msumeno ukanitoka mkononi. "Msingi haubebi! Kimbieni mkawaambie washuke!"